Gari la Punguzo Lenye Ufunguo Mmoja

Nimeendesha magari ya serikali tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na sijawahi kupoteza ufunguo. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia kwa sababu isiyo yake. Nimebeba mabwana shamba, wakunga, chanjo na barafu zake, mitihani na askari wake wenye bunduki, na siku moja mama mmoja alijifungulia siti ya nyuma huku mimi nahangaika na tope karibu na mto Ruvu. Siku ya kuondoka kazini niliweka funguo zote mezani, kila mmoja na kibandiko chake. Wanaume wa karakana walikuwa wakiniona naingia wanapunguza redio. Nilikuwa mkali, na bado ni mkali, umri haujanisaidia chochote.

Baada ya kustaafu nikakaa nyumbani Kongowe, hii ya Kibaha, si ile ya Dar ambayo kila mtu akisikia jina ndiyo anaifikiria. Nikafuga kuku wa mayai, nikawa nagombana nao. Kisha figo za mume wangu zikakataa kufanya kazi.

Daktari alitueleza taratibu. Kuanzia sasa damu ya mzee itasafishwa na mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku zote za maisha yake. Mume wangu akauliza, "Na nisipokuja?" Daktari akamtazama kidogo, akasema, "Mzee wangu, hilo usilijaribu." Mashine tuliyopata nafasi ilikuwa kwenye hospitali moja ya Dar, kwa hiyo mara tatu kwa wiki ilibidi tuamke alfajiri, tuende, tukae, turudi.

Kwenda halikuwa tatizo. Shughuli ilikuwa kurudi. Mtu akitoka kwenye ile mashine anakuwa kama nguo iliyokamuliwa, hana nguvu hata ya kushika mkoba. Nikawa nasimama naye kituoni jua la saa nane, nimemshika kiunoni, huku watu wanagombea mlango. Siku moja alizimia pale pale. Wakatupisha kidogo, wakaendelea kugombea. Alipozinduka kandambili yake moja ilikuwa haipo, akacheka, mimi nikalia. Sijui kwa nini kandambili ndiyo ilinitoa machozi, lakini nililia mpaka nyumbani.

Sasa, kandokando ya barabara kuu, upande wetu huu wa Kibaha, kulikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari. Kilipofunguliwa kulichinjwa ng'ombe na wakubwa wakakata utepe. Vipande vilikuwa vinakuja na makontena kutoka ng'ambo, vinaungwa hapa, linatoka gari dogo jeupe la milango minne. Tatizo lilikuwa ni sisi wenyewe. Mtanzania anamwamini Mjapani aliyelitumia gari miaka kumi akalichoka, kuliko jirani yake aliyelifunga boliti jana. Magari yakajaa uani mpaka majani yakaota katikati ya matairi. Wafanyakazi wakaanza kupungua, na siku moja likatundikwa bango kubwa getini: punguzo, nusu bei, mpaka yaishe.

Nililiona bango hilo nikiwa nimemlaza mume wangu begani, tunarudi. Nikalisoma lote.

"Rahisi ghali," akasema. Kumbe hakuwa amelala. "Mtu anayeuza nusu bei, ama anafunga, ama anakimbia."

"Afunge. Mimi nanunua gari, sinunui kiwanda."

Tuliuza kipande cha shamba letu la Janga, nikachanganya na kilichobaki cha kiinua mgongo changu. Wanangu walinipigia simu mmoja mmoja kunizuia. Nikawauliza mmoja mmoja ni nani kati yao atakuja Jumatatu kumbeba baba yake, na kila mmoja akasema mama, sikuwa na maana hiyo.

Siku ya kununua nilivaa suruali, nikajilaza chini ya gari lile juu ya khanga kuukuu. Kijana wa mauzo, amevaa tai na viatu vimepasuka, akainama kunichungulia. "Mama, unatafuta nini huko?"

"Natafuta sababu ya bei."

Sikuiona. Nimekagua magari maisha yangu yote, na naapa lile gari lilikuwa zima. Injini ilikuwa inanong'ona tu. Breki zinashika. Siti ya mbele inalala mpaka nyuma, na hiyo siti ndiyo iliyonimaliza, maana nilimwona mume wangu amelala pale hata kabla sijalipa.

Jambo moja tu halikunipendeza. Gari hilo halikuwa na ufunguo wa kuchomeka. Lilikuwa na kidude cheusi cha plastiki, kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha, unakaa nacho mfukoni, unabonyeza kitufe, gari linawaka. Bila kidude hicho ndani ya gari, bonyeza mpaka kesho. Nikauliza wa pili uko wapi, maana gari lolote lina funguo mbili, hata mtoto wa karakana anajua.

"Wa pili unakuja na kontena, mama. Wiki ijayo."

"Basi na mimi nitakuja wiki ijayo."

Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba wiki ijayo hana uhakika kama yeye mwenyewe atakuwepo. Na kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya mashine. Nikachukua gari na ufunguo mmoja, nikaondoka.

Ee Mola, raha tuliyoipata. Nililaza ile siti, nikaweka mto, nikamfunika shuka. Alikuwa akitoka kwenye mashine anasinzia Mbezi, namwamsha mlangoni kwake. Akaanza kutaka kula. Akaanza kunikosoa ninavyoendesha, eti nakata kona kama nimebeba viazi, ndipo nikajua mzee anarudi. Jirani zetu nao wakalifanya gari la mtaa, kama ilivyo kawaida: mwenye mgonjwa, mwenye harusi, mwenye gunia la mkaa. Wa mkaa nilimfukuza.

Wiki iliyofuata nilipita kiwandani kuulizia ufunguo wa pili. Wakasema wiki ijayo. Nikapita tena, wakasema bado uko bandarini. Mara ya tatu yule kijana wa tai hakuwepo, na aliyekuwepo hakujua nazungumzia nini.

Hapo ndipo mjomba wangu akafa. Alikuwa Kisarawe ya ndani, kule ambako ukifika Mlandizi unaiacha lami, unashika barabara ya vumbi. Mjomba ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye aliyeniozesha. Habari zilikuja Jumatatu jioni, maziko kesho yake baada ya adhuhuri. Mume wangu alikuwa ametoka kwenye mashine siku hiyo hiyo, nikamwambia abaki. Akanijibu, "Mtu aliyenipa mke, nisimpe hata koleo moja la udongo?" Nikaona sawa, Jumanne hana mashine, tunaenda, tunazika, tunarudi kabla ya giza, Jumatano alfajiri tuko barabarani.

Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani, tangu enzi za wazee wetu, na kwa mtani hakuna kesi. Mtani anaweza kumtukana marehemu wako, akakwapua sufuria la pilau jikoni, akalala njiani mbele ya jeneza lisipite, na wewe unatakiwa ucheke, umpe chochote, yaishe. Ukikasirika, aibu ni yako na ukoo wako. Mjomba alikuwa na mtani wake, mzee wa Kisukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, jirani wa ua kwa ua. Kila asubuhi walikuwa wanatukanana kabla hata ya kupiga mswaki. Siku ile ya msiba alivaa kofia ya mjomba, akawa anatembea kwa kuchechemea kama mjomba, anadai chai kwa sauti ya mjomba, na wanawake wote pale uani tukawa tunacheka na machozi yanatutoka.

Aliponiona nashuka kwenye gari akanijia.

"Mzaramo na gari jipya! Mmeacha lini ngoma mkapata muda wa kununua gari?"

"Na wewe umeacha lini michembe yenu ya viazi vikavu ukajua gari?"

"Hili nimelikamata. Ni fidia yangu. Mtani wangu kafa kabla hajamaliza kunitukana, ukoo mzima mna deni." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Watu wote walikuwa wanatazama, wanacheka, wanangoja. Mimi ambaye maisha yangu yote sikumpa mtu ufunguo bila kumsainisha, nikampa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ndiyo desturi. Nikamwambia nitalikomboa baada ya maziko, akautia kwenye mfuko wa shati kifuani, akaupigapiga kama mtu aliyeuza ng'ombe.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Wanaume walibeba jeneza wakaingia nalo kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, sisi tukabaki na vyungu. Baada ya muda tukasikia kicheko kikubwa kutoka huko, kisha sauti ya shehe akikemea, kisha kimya, kisha udongo. Mume wangu, ambaye walimwekea kiti kando ya kaburi, ndiye aliyenisimulia baadaye. Yule mtani aliruka kaburini kabla maiti haijashushwa. Akajilaza ubavu kule kwenye mwanandani, mahali penyewe pa kulaza maiti, akakunja mikono, akafumba macho. Akasema chumba hiki amepanga yeye na kodi ameshalipa, mjomba akatafute kwingine. Watu wakamrushia sarafu akaendelea kukoroma. Shehe akakasirika, wapwa wawili wakamvuta kwa mabega, akatoka amejaa mchanga na analia kwa kweli sasa, si utani tena. Ndipo wakamshusha mjomba.

Tulikula. Kivuli kikaanza kurefuka, nikamfuata mtani alipokaa.

"Haya, mtani, chukua chako unipe changu. Mzee ana mashine kesho."

Akapeleka mkono kifuani. Akaupeleka tena. Nikaona uso wake unabadilika.

Tulitafuta kila mahali. Kwenye mkeka aliokalia, njia yote ya kwenda kwenye mikorosho, kwenye lundo la majembe. Watoto wakapekua majani. Hatimaye binamu yangu, mtoto mkubwa wa mjomba, yule aliyeingia kaburini kumpokea baba yake, akasimama pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kuna kitu kigumu nilikikanyaga kule mwanandani. Nilidhani jiwe. Nikakisukuma mchangani kwa mguu. Nilikuwa nimembeba baba."

Gari langu liko pale mbele ya nyumba, jeupe, zima, mafuta nusu tangi, na ufunguo wake pekee uko chini ya mjomba.

Walimwita shehe. Alikuwa bado ana hasira na mtani, lakini kwangu aliongea vizuri. Akasema mali ya mtu ikianguka kaburini, na mwenyewe akaidai, kaburi linaruhusiwa kufunguliwa ikatolewa. "Lakini lazima mwenye mali aseme mwenyewe," akasema. "Hakuna wa kukusemea, na hakuna wa kukulaumu."

Hakuna wa kukulaumu. Nilitamani awepo wa kunikataza! Nikitazama huku, binamu zangu wameinamisha vichwa, mikono ina udongo ambao bado haujakauka. Nikitazama huku, mume wangu kwenye kiti chake, miguu imeanza kuvimba. Yeye akasema tu, "Usiniangalie mimi, mama watoto. Ni mjomba wako."

Nikaingia ndani kwa mke wa mjomba. Alikuwa ameketi kitandani, ameanza eda, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Alikuwa ameshasikia kila kitu, nyumba za kwetu kuta zake hazifichi neno.

"Mwanangu," akasema, "mwenye mali ni wewe. Ukisema, watachimba. Mimi nitaziba masikio."

Angenitukana ningejua la kufanya. Nikamtazama kizee yule, mume wake hajamaliza hata saa chache ardhini, nami niende nikamfunue sanda kwa ajili ya kipande cha plastiki. Nikasema, "Mama, tungoje kwanza. Waliotengeneza wako Kibaha. Nitaenda kiwandani watatengeneza mwingine."

"Basi nangoja neno lako."

Tuliondoka kwa bodaboda mpaka Mlandizi, mshikaki, dereva mbele, mume wangu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Njia nzima yeye akasema mara moja tu kwamba siti ya gari letu ilikuwa nzuri zaidi.

Kiwandani nilikuta geti lina kufuli na mnyororo. Ndani uani hakuna gari hata moja, yamebaki majani yaliyolala kwa umbo la matairi. Mlinzi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapepea nzi.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wameondoka, mama."

"Wameenda wapi?"

"Hilo hawakuniambia. Waliniambia nilinde geti."

Nikampasukia. Nilimwambia yote ambayo nilikuwa nimemwekea mkurugenzi, na kijana wa tai, na wakubwa waliokata utepe, na wale ng'ambo waliotengeneza gari lisilowaka bila ruhusa yao. Nilimwita mwizi, nikamwita mbwa wa wezi. Yule mlinzi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akainuka, akanifutia kiti chake kwa mkono, akasema, "Kaa, mama." Nikakaa. Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka hasira yangu, na yeye alikuwa ameipokea yote na haikubadilisha kitu.

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ilikuwa haipatikani. Nikampata fundi wa Dar anayetengeneza funguo za kisasa, akaenda mpaka Kisarawe na kikompyuta chake, akashinda kutwa. Akanieleza kwamba siri ya ufunguo ilikuwa kwenye mashine ya kiwanda, na bila mashine hiyo inabidi kubadilisha ubongo mzima wa gari, na ubongo huo hauuzwi dukani kokote kwa sababu hakuna gari jingine linalofanana nalo. Akashauri tuuze milango. Enzi zangu nilikuwa nawasha gari kwa waya mbili na pini ya nywele. Nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye usukani, nikabonyeza kile kitufe. Ikawaka taa nyekundu ya kusema ufunguo haupo. Nikabonyeza tena na tena mpaka betri ikafa na ile taa nayo ikazimika. Mke wa mjomba alikuwa dirishani, akaniona. Sikusema neno, naye hakuuliza.

Tukarudia maisha ya vituoni. Teksi mara tatu kwa wiki kwa pensheni yangu ni ndoto ya mchana. Jirani mmoja mwenye gari alitubeba siku mbili tatu, kisha akawa anaondoka mapema kuliko kawaida yake, na simlaumu, mtu ana maisha yake.

Yule mtani alikuwa anakuja. Safari ya kwanza alileta mbuzi, akamfunga kwenye mpapai, akamwambia mume wangu, "Nimekuletea mke mwenza, huyu wa kwako ana kelele." Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Safari ya pili alileta maziwa, akakaa, akaulizia mashine, akaulizia miguu, akaitazama ile miguu. Safari ya tatu hakutania kabisa. Alinisalimia, "Hujambo, mama," kama mtu wa benki. Nikamwambia, "Mtani, nitukane basi." Akajaribu, akafungua mdomo, akashindwa, akaangalia chini. Nilimchukia sana siku ile, na sikuruhusiwa kumchukia, na nadhani naye alikuwa anangoja nimpige hata kofi apumzike.

Arobaini ya mjomba iliangukia Ijumaa, siku ya mashine. Sikwenda hitimani. Nilituma sukari na mchele.

Kisha masika yakaanza. Kwetu tuko ndani, mbali na lami, na mvua ikikolea bajaji zinakataa kuingia. Jumatatu moja, bajaji iliyokubali kuingia ilikwama wakati wa kurudi, ikabidi tushuke tusukume, yaani mimi na dereva. Mume wangu nilimsimamisha kando, ameshika mti. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye tope. Hakuwa ameanguka. Alikaa tu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Jumatano tulikwenda kwa shida. Ijumaa pia. Jumapili mchana, baada ya kumwogesha, aliniambia nikae kitandani.

"Kesho siendi."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Siendi tu. Kesho na siku nyingine."

"Daktari alikwambia nini, umesahau?"

"Sijasahau. Mashine inanipa siku mbili, njia inanichukua tatu. Nimechoka, mama watoto. Ningekuwa na lile gari ningeenda. Nilikuwa napenda kwenda na lile gari." Akasema taratibu, bila kulaumu, kama anavyosema chai imepoa.

Nilimgombeza. Nikamwita mwoga. Nikamwambia watoto watanikalia vikao. Alinisikiliza kama yule mlinzi. Nilipoishiwa maneno nikatoka uani, nikasimama kwenye banda la kuku huku manyunyu yananilowesha, nikajua sasa nitalisema lile neno. Mjomba anisamehe. Aliye hai kwanza. Angekuwa yeye angesema hivyo hivyo, tena angenitukana kwa kuchelewa. Nikashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi baada ya kulikubali. Nikapiga hesabu ya njia: kesho waende na majembe, keshokutwa nilete betri mpya, Jumatano siti imelazwa, mto uko mahali pake.

Nikampigia mke wa mjomba. Alikuwa bado yuko ndani ya eda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mama, nimepiga kwa lile neno letu." "Naudai ufunguo wangu. Naomba mfungue kaburi."

Nikadhani mtandao umekata.

"Mama?"

"Nipo." Akavuta pumzi. "Mwanangu, nilikungoja. Ulipokuja ukakaa kwenye gari ile siku, nikasema leo atasema. Hukusema. Tukangoja mpaka arobaini, nikawaambia watoto wasiguse, dada yenu atakuja aseme. Hukuja, ukaleta sukari na mchele. Tukajua umeridhia."

"Ilikuwa siku ya mashine, mama."

"Sikujua." Nikamsikia analia kidogo kidogo, kilio cha mtu asiyetaka kusikika. "Watoto wamelijengea kaburi. Walileta saruji na kokoto kutoka Dar, wakamwaga zege, wakaweka na vigae. Wiki iliyopita ndiyo wamemaliza. Sasa mwanangu, nani atashika nyundo?"

Nikamwambia haidhuru. Nikamwambia asilie, ajitunze na baridi. Nikamuuliza vigae ni vya rangi gani, sijui kwa nini niliuliza, akasema vya kijani.

Nilipoingia ndani mume wangu alikuwa amefumbua macho.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Kisarawe."

"Wanasemaje?"

Nikamtengenezea mto. Nikamfunika miguu ile iliyovimba, kwanza huu, kisha huu.

"Wanakusalimia," nikasema.

"Waalaikumu salaam," akajibu, akageukia ukutani.